PIKAPU YA TAWI: TUIFUFUE AU TUIUZE?

Katika mkutano mkuu ujao wa tawi letu hapa Jinja, wanachama watatakiwa kutoa uamuzi juu ya jambo ambalo limesemwa sana malangoni mwa viwanda na katika nyumba za Walukuba, lakini ambalo halijapata kujadiliwa kwa utaratibu. Jambo lenyewe ni ile Land Rover pikapu iliyolala chini ya mwembe nyuma ya ofisi yetu kwa miaka mingi sasa. Je, tuifufue irudi barabarani, au tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba ukurasa huu wa Kiswahili ungefaa kuandika juu ya mishahara, mikataba ya vibarua na wenzetu wanaoachishwa kazi bila notisi. Mambo hayo tumeyaandika na tutazidi kuyaandika. Lakini gari lile lilinunuliwa kwa michango ya wanachama, senti kwa senti, na fedha zitakazotumika kulifufua zitatoka katika mfuko ule ule unaomsaidia mwanachama aliyefiwa au aliyeumia kazini. Mfanyakazi anayekatwa mchango wake kila mwezi ana haki ya kuuliza. Chama kisichoweza kueleza habari za pikapu moja kitawezaje kumdai mwajiri afungue vitabu vyake vya hesabu?

Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme maoni yetu mapema, kabla ya mkutano, ili kila mtu apate muda wa kuyapima.

GARI LENYEWE

Vijana waliojiunga na chama katika miaka ya karibuni hawajapata kuiona pikapu hii ikitembea. Kwa ajili yao tueleze kidogo.

Hii ni Land Rover ya aina ya Series III, ile ndefu iitwayo 109. Tarakimu hiyo ni urefu wa inchi 109, yaani karibu mita 2.77, kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Series III zilitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985. Injini yake ni ya petroli, silinda nne, ukubwa wa lita 2.25. Breki zake zote nne ni za ngoma, na springi zake ni za bamba juu ya bamba, kama za lori.

Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wakati ule Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Chuma kilitolewa kwa mgawo, na aluminiamu ilikuwa rahisi kupatikana. Ndiyo sababu bodi ya gari hili iliundwa kwa mabati ya mchanganyiko wa aluminiamu, na desturi hiyo ikaendelea katika Series zote zilizofuata. Kufikia 1976 kiwanda kilikuwa kimekwisha kutoa gari la milioni moja.

Habari hii ya aluminiamu si hadithi tu. Ina maana kubwa katika uamuzi wetu. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu kama ya chuma, na kwa hiyo mtu akiitazama pikapu yetu kwa mbali huiona nzima: milango ipo, boneti ipo, karai la mizigo lipo. Husema, "Gari hili linataka betri tu." Lakini chini ya bodi hiyo ipo chasisi ya chuma, na chasisi hiyo hakuna anayeiona mpaka alale chini ya gari. Wengi waliotoa maoni yao mpaka sasa, wa upande huu na wa upande ule, hawajalala chini ya gari.

Katika Uganda, Land Rover zilikuwa gari la serikali, la misheni, la polisi na la mashamba makubwa. Baada ya 1972, Waasia walipofukuzwa na maduka mengi ya spea yakabadilika mikono au yakafungwa, mafundi wetu waliziweka magari barabarani kwa akili zao wenyewe. Spea zilipatikana kwa magendo au hazikupatikana kabisa. Gari moja liliuawa ili mawili yapone. Land Rover ilivumilia maisha hayo kuliko gari nyingi, kwa kuwa sehemu nyingi za bodi yake zimefungwa kwa bolti, na vifaa vingi vya gari la mwaka mmoja huingia katika gari la mwaka mwingine. Mafundi waliopita katika shule hiyo ngumu wengine wangali hai, na baadhi yao ni wanachama wetu wastaafu. Hili nalo tulikumbuke.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wazee wetu wengi wanataka gari lifufuliwe. Hoja zao ni tatu. Ya kwanza ni kwamba pikapu ile ilifanya kazi ya chama kweli kweli. Ilipeleka maiti za wenzetu makwao, Kamuli, Bugiri na Tororo, wakati familia hazikuwa na nauli. Iliwabeba viongozi kwenda katika matawi ya mbali. Ya pili ni kwamba ni gari rahisi: haina kompyuta, haina vifaa vya siri, na fundi mwenye spana na akili anaweza kuifungua na kuifunga. Ya tatu, ambayo hawaisemi wazi lakini ndiyo nzito moyoni, ni kwamba kuiuza kwa kilo kama masufuria yaliyotoboka ni kudharau jasho la waliotangulia.

Vijana wengi wanataka liuzwe. Wao husema kwamba gari hilo hunywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji. Na kweli, Land Rover ya petroli ya namna hii huenda kilomita sita hivi tu kwa lita moja, na chini ya hapo ikibeba mzigo au ikipanda vilima. Husema kwamba chama kinaweza kukodi gari siku kinapolihitaji. Wengine huuliza, kwa nini mji ambao Kiira Motors wameweka kiwanda cha mabasi ya umeme, mabasi yale ya Kayoola ambayo la kwanza lake la nishati ya jua lilionyeshwa 2016, uhangaike na injini ya karne iliyopita?

Sisi tunasema kwamba kila upande una ukweli wake na kila upande una upungufu wake. Kumbukumbu ya wazee ni ya kweli, lakini kumbukumbu haijazi tangi. Ikiwa heshima ya waliotangulia ndiyo hoja, basi gari kuoza chini ya mwembe kwa sababu hakuna aliyethubutu kuamua ni aibu kubwa kuliko kuuzwa. Na vijana wanaosema tukodi, wamewahi kutuletea hesabu ya gharama za kukodi kwa mwaka mmoja? Kukodi gari la kwenda mazikoni Busia na kurudi, usiku, mvua ikinyesha, si sawa na kukodi bodaboda mpaka sokoni. Mwenye gari anajua kwamba wafiwa hawana nafasi ya kubishana bei.

Wako pia wasemao tununue gari jingine lililotumika kutoka Japani. Wakumbuke kwamba tangu 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Nia ya sheria hiyo ni njema, lakini maana yake kwetu ni kwamba gari la bei ya chini sana halipo tena bandarini. Atakayependekeza njia hiyo alete bei kamili pamoja na ushuru.

UKAGUZI KWANZA

Kosa linalotaka kufanyika katika mkutano huu ni kupiga kura kabla ya kujua. Huwezi kuamua kufufua wala kuuza kitu usichokijua hali yake. Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni ukaguzi wa siku moja au mbili, ufanywe na mafundi wasiopungua wawili, na ripoti yake ibandikwe ukutani. Gharama yake ni ndogo. Tunataja hapa mambo ya kukaguliwa, ili mwanachama asiye fundi naye ajue la kuuliza.

La kwanza ni karatasi. Logibuku iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Namba ya chasisi iliyopigwa juu ya chuma inalingana na iliyoandikwa? Kama gari limeandikishwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuondoka au kufariki, si kwa jina la wadhamini wa chama, hilo litengenezwe kabla ya kununua hata plagi moja. Gari lisilo na karatasi si mali, ni ugomvi unaongoja siku yake. Hata mnunuzi wa haki hatalitaka.

La pili ni chasisi, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Chasisi ya gari hili imeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope yakiingia humo hayatoki upesi, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Rangi ya juu inaweza kuwa safi na huku ndani pameoza. Fundi achukue nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, alale chini, agonge hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lililojaa majani, na bisibisi hupenya. Aangalie hasa mahali springi zinaposhikwa, mikono inayotokeza pembeni kubeba bodi, na boriti ya nyuma kabisa. Kipande kimoja au viwili vikiwa vimeoza, vinaweza kukatwa na kuchomelewa vipya. Kutu ikiwa imeenea urefu wote, hapo hakuna kiraka. Chasisi nzima itatakiwa, na hesabu yote itageuka.

Pamoja na chasisi ukaguliwe ule ukuta wa chuma unaotenga injini na dereva. Milango imetundikwa juu yake, na miguu ya dereva hukaa chini yake. Nao ni wa chuma, si wa aluminiamu, na huoza kutoka chini.

La tatu ni injini. Tunaomba asitokee shujaa wa kuleta betri na kupiga starta siku ya kwanza. Injini iliyolala miaka mingi, ringi zake huenda zimeshikana na kuta za silinda, na kuilazimisha ni kuvunja kile ambacho kingepona. Plagi zote nne zitolewe, oili nyepesi imiminwe kidogo katika kila silinda, iachwe siku kadhaa. Kisha izungushwe polepole kwa mkono, kwa hendeli ya mbele. Ikizunguka, ni habari njema. Oili ya zamani imwagwe na itazamwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Petroli ya zamani itolewe yote, maana huacha gundi katika tangi na kabureta. Tena, injini hizi zilibuniwa wakati petroli ilikuwa ikitiwa risasi. Katika nchi zetu za kusini ya Sahara petroli ya namna hiyo ilikomeshwa kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo kichwa cha injini kikifunguliwa, fundi atazame vema vali na viti vyake.

La nne ni breki na matairi, na hapa hakuna kubahatisha. Breki za gari lililolala hazifai kuaminiwa hata zikishika. Maji ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na silinda ndogo za magurudumuni hushika kutu. Mipira, mipaipu na maji yenyewe yote yabadilishwe. Tairi nazo zisihukumiwe kwa meno yake tu. Tairi zilizotengenezwa tangu 2000 zina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 1208 ilitoka kiwandani wiki ya 12 ya mwaka 2008. Tairi ya umri huo, hata ikiwa na meno kama mpya, hupasuka.

La tano ni waya. Panya huzipenda. Waya zilizoguguna zisitiwe viraka vya nailoni. Ni heri kuvuta mpya, kwa kuwa gari hili lina waya chache, na moto wa gari huanzia hapo.

HESABU YA KWELI

Ripoti ikiwa tayari, ndipo hesabu ifanywe. Nasi tunataka hesabu ya safu mbili, iandikwe kwa kalamu.

Safu ya kwanza ni gharama za kulifufua. Hapa tuonye kwamba katika gari kuukuu kazi huzaa kazi. Ukifungua gia boksi kwa ajili ya oili inayovuja, utakuta beringi imekwisha. Ukitoa beringi, utakuta klachi nayo. Fundi mwaminifu hawezi kuyajua yote kabla ya kufungua. Kwa hiyo yeyote atakayeleta bei moja kamili isiyo na akiba, ama hajui kazi ama anataka kazi. Juu ya bei za mafundi iongezwe akiba ya mambo yasiyoonekana, na kiasi cha mwisho kiwekwe na mkutano wenyewe. Kikifikiwa, kazi isimame mpaka wanachama waulizwe tena. Spea za Series III bado zinapatikana, mpya na zilizotumika, lakini bei ziulizwe Jinja na Kampala kwa wauzaji watatu tofauti, na karatasi za bei zihifadhiwe.

Safu ya pili ni gharama za kuishi na gari kila mwaka: petroli, oili, tairi, bima ya watu wengine ambayo sheria inaitaka, na posho ya dereva. Safu hii husahauliwa sana. Watu huchanga kwa furaha kununua ng'ombe, lakini hawaulizi nani atakata majani. Safu hii ilinganishwe na fedha zilizotumika kukodi magari katika miaka mitatu iliyopita. Mweka hazina anazo risiti hizo. Tukikuta kwamba tumekuwa tukikodi mara tano kwa mwaka, basi pikapu haifai hata tukipewa bure. Tukikuta kwamba tumekodi mara arobaini, mambo ni mengine.

Tena tutenge baina ya kufufua na kupamba. Kufufua ni kulifanya gari lishike breki, liwake asubuhi, libebe mzigo na lirudi. Kupamba ni rangi mpya ya kung'aa, viti vya ngozi na taa za ziada. Wako watu katika nchi za Ulaya ambao hupamba Land Rover kuukuu kwa mapenzi na hutumia fedha nyingi kuliko bei ya gari lenyewe. Fedha ni zao, hatuwalaumu. Lakini fedha za wafanyakazi hazikukatwa kwa ajili ya mapambo.

KAZI HII NI YA NANI?

Imesikika kauli kwamba mafundi wetu wastaafu watafanya kazi hii bure, "kwa moyo wa chama". Sisi twaipinga kauli hiyo kwa nguvu zote. Chama kinachodai ujira wa haki mbele ya waajiri hakiwezi kumtumikisha mzee fundi siku thelathini kwa sahani ya posho na maharage. Akijitolea mwenyewe siku moja, tumshukuru. Lakini kazi ina ujira, na ujira uandikwe katika safu ya kwanza ya hesabu kama kitu kingine chochote.

Hata hivyo, liko jambo moja linalotufanya tupendelee kazi hii ifanyiwe hapa kwetu, si katika gereji ya mbali. Wengi wa vijana wetu wameajiriwa kubonyeza vifungo vya mashine ambazo hawaruhusiwi kuzifungua. Mashine ikiharibika huja mtu wa nje, na kijana husimama kando. Injini hii ya silinda nne, ambayo kila kitu chake huonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, ni shule. Mafundi wawili wenye ujuzi wakilipwa haki yao, na vijana wanne au watano wakawa wanafunzi wao kila Jumamosi, tutapata kitu ambacho hakiandikwi katika bei ya gari. Wazee wale hawatakuwapo siku zote, na ujuzi wao haumo katika kitabu chochote.

Lakini shule hiyo iwe na usalama. Tunasema haya kwa kuwa tumeona gereji nyingi. Bitana za breki za magari ya zamani mara nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halionekani kuwa baya, lakini huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Ngoma za breki zikifunguliwa, vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe, na kitambaa kifungwe katika mfuko na kutupwa. Na mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Magogo au vigingi vya chuma viwekwe chini ya chasisi. Tunawadai waajiri vifaa vya usalama kila mwaka. Basi tuanze kwetu.

KWA NINI LILIACHWA?

Tunafika sasa kwenye swali ambalo wanaotaka kulifufua na wanaotaka kuliuza wote wamelikwepa. Pikapu hii haikuachwa kwa sababu ilikufa. Waliokuwapo wanajua kwamba iliingia chini ya mwembe ikitembea, ikiwa na kasoro ya klachi ambayo fundi angeimaliza kwa siku chache. Iliachwa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa. Kamati iliyokuwako wakati huo haikumteua mtunzaji. Kila kiongozi aliitumia na hakuna aliyeitazama oili. Daftari la safari halikuwapo. Ilipokwama, kila mmoja alingoja mwingine aitengeneze, na wakati wa kungoja mmoja alikuja kuazima betri, mwingine akaazima tairi ya akiba, na hakuna kilichorudi.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Klachi ilikuwa dalili tu. Tukitengeneza injini, breki na waya bila kutengeneza utaratibu, tutakuwa tumenunua safari ya pili ya kurudi chini ya mwembe, kwa bei kubwa kuliko ya kwanza. Mali ya wote isiyo na mtunzaji ni mali ya mwenye mikono mirefu.

Kwa hiyo tunasema kwamba kabla ya shilingi moja kutoka, mkutano upitishe kanuni za gari. Awepo mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina, asiyekuwa mwenyekiti wala katibu. Liwepo daftari la safari lenye tarehe, kilomita, sababu ya safari na sahihi. Mazishi na wagonjwa watangulie, kazi za chama zifuate, na shughuli za binafsi za kiongozi yeyote zisiwemo kabisa. Mtu asiye mwanachama akilitaka, alipe ada iliyowekwa na apewe risiti. Fedha za matengenezo ziwekwe kando kila mwezi, gari likiwa zima, si siku lilipokufa. Na daftari lisomwe katika kila mkutano mkuu.

MAONI YETU

Baada ya kuyapima yote hayo, maoni yetu ni haya.

Chasisi ikiwa nzima au ikiwa na ugonjwa mdogo wa kuchomelewa, karatasi zikiwa safi au zikiweza kusafishwa, na hesabu ya miaka mitatu ikionyesha kwamba tunakodi magari mara nyingi, basi gari lifufuliwe. Lifufuliwe kwa kazi, lisipambwe. Lifanyiwe kazi hapa hapa, kwa mafundi wanaolipwa na vijana wanaojifunza, chini ya kiasi kilichopitishwa na wanachama, na kwa muda uliotajwa. Gari lisilo na tarehe ya kumalizika halimaliziki.

Chasisi ikiwa imeoza, au karatasi zikiwa hazipatikani, au hesabu ikikataa, basi liuzwe. Lakini lisiuzwe kwa kilo, na lisiuzwe usiku. Injini, gia boksi, ekseli na mabati ya bodi, kila kimoja kina mnunuzi wake, na mtu mwenye Land Rover yake nzima atatoa bei ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu hawezi kuitaja. Tangazo libandikwe, bei ziletwe katika bahasha zilizofungwa, zifunguliwe mbele ya wanachama. Asiwemo kiongozi wala ndugu wa kiongozi kati ya wanunuzi. Na fedha zitakazopatikana ziingie katika mfuko wa mazishi, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ambayo pikapu ilitufanyia vizuri kuliko zote.

Jambo moja tu hatulikubali kwa hali yoyote, nalo ni kuahirisha. Kila msimu wa mvua unaopita, chasisi ile hupungua. Gari ambalo mwaka huu linaweza kupona, mwaka kesho litakuwa la kuuzwa. Na ambalo mwaka huu linaweza kuuzwa kwa bei, mwaka kesho litakuwa la kutupwa. Wanaosema "tungoje kwanza" nao wamekwisha kuamua, ila hawataki uamuzi huo uandikwe kwa majina yao.

Tunawaomba wanachama wote, wazee kwa vijana, waje mkutanoni. Waje na swali la karatasi, swali la chasisi, swali la risiti za kukodi, na swali la mtunzaji. Kamati ikiweza kuyajibu hayo manne, kura itakuwa rahisi. Ikishindwa kuyajibu, ukaguzi uamriwe siku hiyo hiyo, tarehe ya ripoti itajwe, na katibu aiandike katika kumbukumbu za mkutano.